Nani Aliyelinda Jando la Masasi?

Historia ya Kanisa kusini mwa Tanzania imezoea kumtaja Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi (1926–1944), kuwa ndiye aliyeliokoa jando. Sifa hiyo ina msingi. Wakati wamishenari wengi wa Afrika Mashariki wakiziita mila hizo ushenzi, Lucas aliwaruhusu vijana wa Kikristo wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde waingie kumbini kwa baraka za Kanisa, na katika miaka ya 1920 akautetea msimamo huo kwa maandishi. Lakini ushahidi ukipangwa vizuri unaelekeza kwingine. Jando lilidumu kwa sababu wenyeji, wakiwemo makasisi na walimu wao, hawakukubali kuliacha. Askofu alikuwa na busara ya kulitambua hilo mapema.

Mwaka 1876 askofu Mwanglikana Edward Steere alifika Masasi akifuatana na watu walioachiwa huru kutoka utumwani, waliotoka naye Unguja. Safari ilikusudiwa kuelekea Ziwa Nyasa, ila hao wakaona heri kubaki. Kwa mtu aliyenyang'anywa ukoo wake, kujua mjomba wake ni nani na amebeba jina la marehemu gani halikuwa jambo dogo, hasa katika nchi ambayo makabila yake makubwa huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kumbini ndipo mvulana alipoliacha jina la utotoni akapewa jipya. Na kabla ya hapo wazee walimwaga unga chini ya mti na kuwataja waliotangulia. Kwa hiyo jando lilikuwa tohara, na lilikuwa pia kumbukumbu ya wafu. Misheni iliyoanzishwa hapo nayo ilivunjika zaidi ya mara moja. Wangoni waliivamia Masasi mwaka 1882, kisha Vita vya Maji Maji vya 1905 vikaiteketeza, pamoja na kituo cha Wabenediktini cha Nyangao, nao Wabenediktini wakaanza upya Ndanda mwaka 1906. Mwaka huohuo Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala na chombo chake cha kunasia sauti, akakuta unyago ukichezwa. Wakati huo Lucas hakuwa hata askofu bado.

Tazama pia ni nani aliyeweza kulitengeneza jando la Kikristo. Unga wa tambiko uliachwa, msalaba ukasimikwa, na wafu wakaombewa kwa sala za Kanisa. Nyimbo nyingine zikabaki, nyingine zikaondolewa. Mwingereza asiyewahi kuingia kumbini angejuaje wimbo upi ni fundisho na upi ni matusi ya kuchekesha tu? Walijua waliopitia humo. Mapokeo ya makasisi Waafrika hapa yalikuwa ya muda mrefu: Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alipewa upadri mwaka 1890 akahudumu Chitangali. Wajerumani walipowaweka kizuizini wamishenari Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waumini walibaki mikononi mwa viongozi wa Kiafrika. Viongozi hao hawakuwa na kauli moja kuhusu jando; wapo waliotaka liachwe kabisa. Mabishano hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba uamuzi haukuteremshwa kutoka juu.

Atakayepinga atasema kwamba pasipo ruhusa ya askofu haya yote yangezimwa. Pingamizi hili lina uzito. Huko Kanada, Wami'kmaq, watu wa asili ambao chifu wao Membertou alibatizwa mwaka 1610 na ambao hadi leo huadhimisha siku ya Mtakatifu Anna, waliona watoto wao wakipelekwa katika shule ya bweni ya Shubenacadie kuanzia 1930 hadi 1967, mahali ambapo kusema lugha yao kuliadhibiwa. Mwenye mamlaka anaweza kuumiza vibaya, na Lucas anastahili shukrani kwa kutofanya hivyo. Ila kutovunja nyumba si sawa na kuijenga.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: kwamba jando lenye msalaba ni jando la bandia. Anayesema hivyo anadhani lile la kabla lilikuwa limesimama tuli. Sivyo. Mila za pwani na Uislamu zilikwisha kulifikia jando la Wayao kabla ya Kanisa kulibariki, na majirani Wamakua na Wamakonde waliazimana ngoma na nyimbo. Siku hizi jando hupangwa kufuata likizo za shule, na tohara nyingi hufanywa na mganga wa hospitali badala ya ngariba, lakini mjomba bado anatarajiwa kugharamia, na ngoma ya kuwatoa wali bado inakusanya ukoo. Kipimo kizuri cha nani hasa aliyeamua ni unyago wa wasichana. Huko Kanisa lilijaribu pia kubadili mambo, ila likakutana na makungwi, ambao siri zao hazikuwa wazi hata kwa mapadri wenyeji. Mabadiliko yakaenda polepole zaidi, kwa kadiri makungwi wenyewe walivyoridhia.