Kobero: Hifadhi ya Picha za Mpakani katika Mkabala wa Kihistoria

Mtafiti wa historia ya Burundi hulazimika kusafiri. Nyaraka nyingi za Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyojumuisha Burundi hadi mwaka 1916, zimehifadhiwa Dar es Salaam. Nyingi za utawala wa Wabelgiji ziko Brussels. Suala hilo linarejea leo Kobero, mpakani ambako maofisa wa Burundi na Tanzania huhudumia wasafiri kwa pamoja. Diski ya kamera za ulinzi ikijaa, picha mpya hufuta za zamani; hifadhi ya mbali huweza kudumu zaidi, lakini hutegemea mtandao na pengine sheria za nchi nyingine. Hivyo, kabla ya kuchagua mtambo, mataifa hayo mawili hayana budi kuafikiana picha zikae wapi, kwa muda gani, na nani aruhusiwe kuzitazama.