Kijia cha Burguret

Wengi wanaopanda Mlima Kenya hupitia Naro Moru, Sirimon au Chogoria. Ipo njia nyingine upande wa magharibi, katikati ya Naro Moru na Nanyuki, inayofuata mto Burguret, na hiyo watu wachache huitumia. Mianzi huifunga kila msimu wa mvua, mapito ya nyati na tembo huikatiza huku na huku, na mpandaji asiye na kiongozi mwenye panga hupotea mapema. Ukiwa ndani ya mianzi huoni mbele zaidi ya hatua chache. Nilipoipita njia hiyo, kilele hakikunishughulisha sana. Nilikuwa nikiwafikiria watu waliowahi kujificha katika misitu hii ya magharibi, na jinsi walivyohukumiwa walipotoka.

Wa kwanza ni Waitaliano watatu. Januari 1943, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka katika kambi ya mateka wa vita huko Nanyuki. Hawakuwa na nia ya kukimbilia mbali. Walitaka kuupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Shoka za barafu walizitengeneza kwa nyundo, na picha ya mlima waliyoitegemea ilitoka kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Walipita msituni bila njia, wakifuata bonde la mto. Batian, chenye mita 5,199, kiliwashinda. Wawili kati yao walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wote wakarudi kambini wenyewe, njaa ikiwa imewakausha. Adhabu yao ilikuwa siku 28 za kufungwa peke yao. Walikaa 7 tu, kwa kuwa mkuu wa kambi aliusifu ushujaa wao wa kimichezo. Benuzzi aliandika kitabu, na hadi leo kinasomwa duniani.

Wa pili hawakupanda kwa mchezo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na muda si mrefu wapiganaji wa Mau Mau walijaa katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Misitu hiyo ilipigwa marufuku, na askari wakaruhusiwa kumpiga risasi yeyote waliyemkuta humo. Ndege za Waingereza ziliidondoshea mabomu. Kando ya Burguret yapo mapango ambayo mpaka leo huitwa ya Mau Mau.

Mkuu wa wapiganaji wa mlima huu alikuwa Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa askari wa Waingereza huko Burma. Januari 1954 alijeruhiwa, akakamatwa, akahukumiwa kifo. Aliiponea kamba kwa sababu serikali ilimhitaji katika mazungumzo ya kuwashawishi wenzake wasalimu amri. Wengine hawakuwa na bahati hiyo: katika miaka ile ya hatari Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa.

Sasa pima mwenyewe, msomaji. Mlima ni mmoja, watawala ni walewale, na miaka iliyopita kati ya mambo hayo mawili haifiki hata kumi na miwili. Adui aliyetoroka alipewa siku saba na sifa juu. Askari aliyewapigania, alipodai ardhi na uhuru, alipewa hukumu ya kifo. Najua mtu atasema Waitaliano hawakumuua yeyote, na kwamba mateka wa vita hulindwa na sheria za mataifa. Ni kweli. Lakini sheria hizo zilimtambua mgeni kuwa ni askari. Mwenyeji aliyeshika silaha katika nchi yake ziliachwa zimwite jambazi.

Milima haikutani, binadamu hukutana, walisema wahenga. Waitaliano na Mau Mau hawakukutana, ila bendera zao zilifika mahali pamoja. Desemba 1963, usiku wa uhuru, Kisoi Munyao aliisimika bendera ya Kenya juu ya Lenana, kilele kilekile.

Bendera hizo mbili zina wa kuzisimulia. Wasio na msimulizi ni wale waliofia katikati, chini ya mianzi, ambao hawakuwa na haja ya kilele wala nafasi ya kuandika. Kumbukumbu yao iko katika mapango na katika vinywa vya wazee, na wazee hao wanatutoka mmoja mmoja. Njia isiyopitwa hufa kwa miaka michache tu. Kijia cha Burguret kikifunikwa kabisa, mlima utabaki na masimulizi ya wageni waliokuja kwa hiari yao, na mjukuu wa mpiganaji atapanda kwa njia kubwa, apige picha, ateremke bila kujua kwamba babu yake aliwahi kuishi huko.