Eropleni Iliyokomea Tabora, 1920



Habari za misafara ya zamani zajulikana sana Kanyenye na katika mitaa mingine ya Tabora. Wapagazi walitoka Bagamoyo na mizigo ya nguo na shanga, wakatembea kwa muda upatao miezi mitatu hata wakafika Unyanyembe. Hapo walipumzika, wakanunua chakula. Kisha njia iligawanyika, moja ikaenda Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Mwaka wa 1912 reli ikafika. Leo twataka kuwaelezeni habari za chombo cha tatu, kilichokuja kwa njia ya angani.

Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, kiwanda cha Vickers cha Uingereza kilitengeneza eropleni ya kutupa mabomu, jina lake Vimy. Iliruka mara ya kwanza tarehe 30 Novemba 1917, lakini vita vilikwisha kabla haijatumika sana. Basi mafundi wakatwaa mabawa yake na injini zake mbili za Rolls-Royce, wakavitia katika kiwiliwili kipya, kinene, chenye nafasi ya abiria 10. Chombo hicho cha mfano kiliruka mwezi wa Aprili 1919.

Tarehe 24 Januari 1920 kiliondoka Brooklands, kikikusudia Cape Town. Waliokiongoza ni Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, pamoja na mafundi wawili; na Dk. Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama, aliliandikia gazeti la The Times habari za safari. Viwanja vya kutulia vilikuwa vimekwisha tayarishwa, na vibarua Waafrika ndio waliokata miti na kubomoa vichuguu. Wakafuata mto Naili, wakafika Tabora.

Tarehe 27 Februari walipotaka kuondoka, eropleni ikaanguka, ikavunjika. Watu wote walisalimika, lakini chombo hakikuruka tena.

Tabora iko juu ya bahari karibu futi 4,000, na jua lake ni kali. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na joto huizidisha wepesi. Kwa hiyo injini hupungukiwa nguvu, na mabawa hayapati kitu cha kutosha cha kuegemea. Chombo kilichozoea bonde la mto Thames kilihitaji nguvu zaidi katika nchi yetu ya juu. Hata van Ryneveld na Brand, waliofika Cape Town tarehe 20 Machi 1920, walifika kwa eropleni ya tatu, baada ya kuvunjikiwa na Vimy mbili, ya pili huko Bulawayo.

Mwaka wa 1932 eropleni za barua na abiria zilianza kwenda mpaka Cape Town kwa ratiba, zikipita Dodoma na Mbeya. Hazikwenda kwa mbio za mashindano: zilikwenda kituo kwa kituo, na njiani palikuwa na petroli, mafundi na mahali pa kulala. Jambo hilo wenye misafara wa Unyanyembe walilijua tangu kale: safari ndefu huchukuliwa na vituo vyake.