Muzee wetu na kambi ya Kotakoli

Sisi watu wa Kamango tunapenda kuuliza wazee habari za ndoa, za mashamba na za ukoo. Habari za jeshi hatuziulizi sana, maana basoda walitutesa mingi. Lakini tuko na muzee mmoja aliyestaafu, na kila jioni yeye anarudia Kotakoli tu.

Kotakoli ni kambi ya komando, mbali sana, ndani ya pori la Equateur ya zamani. Muzee alifika kule wakati wa Zaire, ile wakati jeshi liliitwa FAZ (jina hilo lilianza 1971). Alitoka hapa akijua Kitalinga na Kiswahili. Akarudi na Lingala, kwa sababu ndiyo ilikuwa lugha ya jeshi tangu Force Publique ya Wabeleji. Mpaka leo akitembea anahesabu: moko, mibale, misato. Bibi yake anacheka.

Anasifu kamba za kuvukia mito, mbio za usiku, muchanga mgongoni. Anasema kule mutoto wa mwami na mutoto wa maskini walikula sahani moja. Hapo tunamubishia kidogo. Jeshi lile lilirithiwa toka Force Publique, fasi fimbo ilikuwa mwalimu. Ni kweli askari wake waliteka Tabora mwaka 1916. Lakini kufika uhuru Mukongomani hakupita cheo cha adjuda, na tarehe 5 Julai 1960 askari wa Thysville wakaasi. Tukimwambia hayo, muzee ananyamaza, kisha anarudi kwenye kamba zake.

Tarehe 11 Julai 2013 ADF waliingia Kamango. Watu zaidi ya 60,000 wakavuka mpaka kwenda Bundibugyo, Uganda. Muzee alikuwa njiani pamoja na sisi. Alitupanga: wamama na batoto katikati, vijana mbele na nyuma, hakuna kelele, hakuna tochi. Akahesabu kwa sauti ndogo, moko, mibale, misato. Siku hiyo bibi hakucheka.

Kisha tukamuuliza kama hiyo ndiyo Kotakoli. Akakataa. Kule walimufundisha kushambulia. Kukimbia na batoto hakuna mwenye alimufundisha.

Hata hivyo, akipita mutu wa kutoka Kisangani, anamuuliza kama miti mikubwa ya pale mulangoni ingali imesimama. Hajapata bado mutu aliyefika kule.