UZI: Elimu ya bure, bure ya nani? Historia ya karo kutoka kisiwa cha Pate

1/ Kila msimu wa siasa mjadala wa karo unarudi, na sentensi ni zile zile tatu. Wa kwanza: "Elimu Kenya ni bure, wazazi waache kulalamika." Wa pili: "Hakuna cha bure, lipeni." Wa tatu, huyu husema kwa sauti ya chini: "Hawa watu wa visiwani hawapendi shule tu." Leo tuzipime zote tatu kwa historia ya sehemu moja: Pate, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Lamu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Tunataka hoja, matusi tuyaache pembeni.

2/ Kwanza ramani, kwa wasiofika. Pate haina daraja. Ukitoka Lamu unapanda boti, na njia nyingine hupitika vizuri maji yakijaa tu. Kusi ikivuma, bahari huchafuka na safari huchelewa. Kisiwani kuna miji kadhaa: Pate yenyewe, Siyu, Faza, Kizingitini, Mbwajumwali, Tchundwa. Yote iko eneobunge la Lamu Mashariki. Ramani hii muiweke akilini, maana tukifika kwenye hesabu za pesa itatusaidia.

3/ Sasa ile ya "hawapendi shule". Utenzi wa Tambuka, moja ya maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyonayo, uliandikwa Pate, na nakala yake inabeba mwaka 1728. Siyu ilisifika kwa wanazuoni na kwa waandishi walionakili Kurani kwa mkono, nakala zilizopambwa kiasi kwamba leo makumbusho yanazihifadhi. Mwana Kupona, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Mama anamwandikia mwanawe wa kike, akitarajia atasoma! Wakati huo sehemu kubwa ya Kenya ya leo haikuwa na shule ya kuandika hata moja. Kwa hivyo mwenye kusema watu hawa hawapendi elimu atuambie amesoma historia ya wapi.

4/ Swali linalotuhusu ni hili: nani alilipia? Jibu ni mchanganyiko. Kulikuwa na wakfu: mtu anaacha nyumba, shamba la minazi au kisima, na mapato yake yanatunza msikiti na masomo. Na kulikuwa na mzazi, ambaye alimpa mwalimu wa chuo alichonacho: pesa kidogo, nafaka, samaki, na zawadi mtoto akihitimu. (Kwa wa bara: "chuo" Lamu ni pale mtoto anapoanza kusoma Kurani. Si yunivasiti.)

5/ Lakini tusipambe. Mfumo ule haukuwa wa haki kwa wote. Elimu ya juu ilikuwa zaidi ya watoto wa nyumba kubwa. Watumwa na wazao wao waliachwa nje au wakapewa kidogo. Ndiyo maana kisa cha Habib Saleh kule Lamu mjini ni muhimu. Mwishoni mwa karne ya 19 alianza kuwafundisha wale walioonekana hawastahili, na kutokana na kazi hiyo ukasimama Msikiti wa Riyadha na chuo chake, kikavuta wanafunzi kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakufurahi. Ugomvi wa "nani anastahili kusoma" basi ni mkongwe kuliko serikali yetu.

6/ Ikaja serikali ya kikoloni. Mwaka 1895 pwani iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na shule zikagawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Pesa zilifuata ngazi hiyo hiyo, Mzungu juu, Mwafrika chini. Watu wa pwani walivutana miaka mingi kuhusu nani ahesabiwe Mwarabu na nani mwenyeji, kwa sababu jibu liligusa kodi na nafasi, shule ikiwemo.

7/ Shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu wa Siyu au Faza aliona shule ile itambadilisha mtoto dini. Hakuwa anakataa hesabu na kusoma. Alikataa bei iliyofichwa ndani. Shule ya serikali kwa Waarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912, na baada ya Vita vya Pili ikaja MIOME, chuo cha ufundi kwa Waislamu, hicho hicho ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Vizuri, ila Mombasa si Pate. Mtoto wa mvuvi alihitaji nauli, mahali pa kulala, na mtu wa kumpokea. Umbali nao ni karo, hata kama hauandikwi kwenye risiti.

8/ Uhuru, 1963. Ubaguzi wa rangi shuleni ukaondolewa. Lakini mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake maarufu wa uchumi, Waraka wa Bunge Nambari 10. Ndani yake kuna wazo ambalo wanahistoria hawaachi kulitaja: pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, maana huko zitazaa haraka. Faida yake itasambaa baadaye. Sasa kipime kisiwa cha wavuvi kwa vigezo hivyo. Kilianguka kabla ya mtihani.

9/ Wakati huo huo Vita vya Shifta viliwafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji na mashamba yao ya bara mkabala na visiwa. Watu waliokuwa na shamba na bahari wakabaki na bahari peke yake. Na shule za sekondari nyingi nchini zilikuwa zinajengwa kwa harambee: wananchi wachange, serikali iongezee. Jambo jema, lakini fikiria: anayechanga zaidi anajenga zaidi, na aliyejenga zaidi ndiye anayesaidiwa. Penye kahawa kukainuka shule, na penye samaki wa kuuza kwa bei ya dalali kukabaki kiwanja.

10/ Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Mwaka 1971 amri ya rais ilifuta ada ya masomo ya msingi katika maeneo yenye mazingira magumu. Sio nchi nzima: Kaskazini Mashariki, Turkana, Marsabit na wilaya nyingine kadhaa, na kwa upande wa Pwani ni mbili tu, Tana River na Lamu. Yaani miaka 32 kabla ya "elimu bure" ya 2003, serikali ilishakubali kwa maandishi kwamba Lamu si sawa na kwingine na inahitaji kipimo chake.

11/ Desemba 1973 ikaja amri nyingine: darasa la kwanza hadi la nne bure nchi nzima. Watoto wa darasa la kwanza wakapanda kutoka takriban 380,000 mwaka 1973 hadi takriban 959,000 mwaka 1974. Furaha kubwa! Lakini madarasa yako wapi? Walimu wako wapi? Hela za kufidia ada iliyofutwa ziko wapi? Kamati za shule zikaanzisha "ada ya ujenzi", na sehemu nyingine ikazidi ile iliyofutwa. Watoto wengi wakarudi nyumbani kimya kimya.

12/ Hapa kuna somo ambalo mjadala wetu hulisahau kila mara. Kufuta ada ni tangazo la siku moja, lakini gharama yenyewe haifutiki. Inahama tu. Kila mkisikia "bure", ulizeni imehamia kwa nani.

13/ Mwaka 1988 sera ikageuka rasmi: kuchangia gharama. Serikali ilipe mishahara ya walimu, mzazi alipe vitabu, majengo, mtihani. Ilikuwa miaka ya mikopo yenye masharti ya Benki ya Dunia na IMF, na si Kenya peke yake. Kwa mzazi mwenye mshahara ilikuwa mzigo. Kwa mvuvi ambaye kipato chake hutegemea upepo, ilikuwa bahati nasibu: kusi ikiwa kali, kaptura ya shule hainunuliwi.

14/ Januari 2003: msingi bure tena, nchi nzima, shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka 2008 ikafuata sekondari ya kutwa, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi, baadaye ikapandishwa hadi 22,244. Hii ni hatua kubwa, na mwenye kuikana hasemi kweli. Watoto wengi wa Pate walioingia kidato cha kwanza baada ya hapo wasingeingia.

15/ Ila tazama neno "kutwa". Shule ya kutwa ni bure kama iko karibu na kwenu. Kwenye kisiwa chenye miji iliyotawanyika, mtoto ambaye shule yake iko mbali ana njia mbili: kutembea au kuvuka kila siku, ama kulala bweni. Na bweni mzazi ndiye analipa. Sheria ni moja, lakini mtoto wa mtaa wenye shule tatu anasoma bure na mtoto wa kisiwani analipishwa jiografia.

16/ Sasa hesabu. Tuseme shule A ina wanafunzi 900 na shule B ina 120. Kwa 22,244 kila mmoja, A inastahili zaidi ya milioni 20 kwa mwaka na B karibu milioni 2.7. Mishahara ya walimu wa TSC iko kando. Lakini zote mbili zinahitaji mlinzi, maabara, tangi la maji, umeme, mtu wa ofisi. Na B inaongeza nauli ya boti kwa kila mfuko wa saruji na kila kasha la chaki. Kila mtoto amepewa sawa, lakini hawakupata kitu kimoja.

17/ Na hiyo ni kama pesa zinafika zote. Katikati ya 2025 Hazina ya Kitaifa yenyewe ilikiri mbele ya wabunge kwamba haimudu kiwango hicho kamili. Ikipungua, shule ya watu 900 inajikaza. Ile ya 120 inamrudisha mtoto nyumbani akalete "pesa kidogo tu".

18/ Nyumbani nako kuna nini? Kuanzia 2011, kwa miaka kadhaa, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu kwa sababu za usalama. Usiku ndio samaki wengi. Halafu ujenzi wa bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari hiyo. Taja hizi kwenye mjadala wa karo, maana bahari ndiyo akaunti ya benki ya mzazi wa Pate.

19/ "Si kuna basari?" Ndiyo, ipo. Na hapa nitasema kitu ambacho baadhi yenu hamtapenda. Mfuko wa CDF ulipoanza 2003, robo tatu ya pesa iligawanywa sawa kwa kila eneobunge, bila kujali idadi ya watu. Lamu Mashariki, iliyohesabiwa watu elfu ishirini na kitu mwaka 2019, ni kati ya maeneobunge madogo zaidi nchini. Kwa hiyo mgao kwa kichwa pale ulikuwa mzuri kuliko kwa mwenzake wa mjini. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya mfuko huo inapingana na Katiba. Unaweza kuunga mkono uamuzi huo, zipo sababu nzito. Lakini ukisema mfuko ufe, sema pia ni kitu gani kitasimama mahali pake kwa sehemu ndogo kama hii.

20/ Tena basari ina ila yake: unaiomba. Fomu, sahihi, kumjua mtu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema elimu ya msingi ya bure na ya lazima ni haki ya kila mtoto. Haki haiombwi kwa fomu kila muhula.

21/ Kuna pia Hazina ya Usawazishaji, Kifungu cha 204: nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Lamu ilikuwa kati ya kaunti 14 za orodha ya kwanza. Lakini huduma zinazotajwa kwenye kifungu chenyewe ni maji, barabara, afya na umeme. Shule haikutajwa. Kwa hiyo mtu akikuahidi madarasa "kutoka hazina ile", mwulize kwa sheria gani.

22/ Na tujue wa kumshika. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji ni kazi ya kaunti. Msingi, sekondari na walimu ni serikali kuu. Kila uchaguzi mgombea wa kaunti anaahidi walimu wa sekondari ambao hana mamlaka ya kuwaajiri, na wa kitaifa anaahidi chekechea. Tunapiga makofi.

23/ Kwa hiyo nikiulizwa ninachokitaka, ni kile kilichokubaliwa 1971: kipimo tofauti kwa mazingira tofauti. Kila shule ipate kwanza kiasi cha chini cha kuiendesha, iwe na watoto 100 au 1,000, halafu ndipo mgao wa kwa kichwa uongezwe juu. Penye kisiwa au umbali, bweni lihesabiwe sehemu ya elimu ya bure. Itagharimu, ndiyo. Na pesa za nchi hazitoshi kila kitu, ndiyo. Basi tubishane juu ya hilo, nini kipunguzwe ili hili lipatikane. Huo ndio mjadala.

24/ Mwenye hoja ya kupinga aiweke chini, na takwimu zake. Walimu na wazazi wa Lamu Mashariki, nyie ndio mnaojua risiti zinasema nini: muhula huu "bure" imewagharimu kiasi gani, boti ikiwemo? Tuandikieni.