HISTORIA YA MKANDA WA JESHI KWETU NYANDA ZA JUU KUSINI (Somo la Malengelenge, Sehemu ya 3)

Sehemu ya 1 tulisoma malengelenge ya kuungua, ya 2 yale ya viatu na mpini wa jembe. Leo ni mkanda wa jeshi, na naanza na historia yake. Bila hiyo historia hutaelewa kwa nini mpaka leo mtu anayafunika malengelenge kwa khanga siku tano nzima ndo aje hospitali.

JINA LAKE
Wagiriki wa kale waliuita zoster, maana yake mkanda, hasa ule wa kiunoni wa mpiganaji vitani. Sisi tunasema mkanda wa jeshi. Watu walio mbali kabisa na sisi waliona kitu kilekile: malengelenge yamejipanga mstari, yameshika upande mmoja wa mwili, yanachoma kama moto.

UNATOKA WAPI?
Watu wengi walisema umerogwa, au umetambaliwa na mdudu usiku. Ukweli ni huu: ulipougua tetekuwanga utotoni ulipona, lakini kirusi hakikutoka. Kilijificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, kikalala. Miaka ya 1950 Thomas Weller wa Marekani alionyesha kuwa kirusi cha tetekuwanga na cha mkanda wa jeshi ni kimoja. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo Uingereza aliyefuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi, akaeleza namna kinavyolala halafu kinaamka kinga ikishuka. Kikiamka kinafuata njia ya neva ileile mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana mkanda unakaa upande mmoja.

Kinga inashushwa na nini? Uzee, saratani, dawa fulani za kushusha kinga. Na VVU. Hapa ndipo historia yetu inapoanza.

MIAKA YA 80 NA 90
Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Kwetu huku inapita barabara kuu ya kwenda Zambia: Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya mpaka Tunduma. Malori yanalala, biashara inachangamka, watu wanakutana. Mwaka 1988 madaktari waliokuwa Kinshasa walichapisha walichokiona kwa wagonjwa wao wa mkanda wa jeshi: takriban 9 kati ya 10 walikuwa na VVU.

Mitaani watu hawakusubiri daktari awaambie. Wakiona mkanda kwa kijana, wanajua: "huyu amekanyaga miwaya." Na kwa kuwa dawa hazikuwepo, walioonekana na mkanda wengi walizikwa baadaye. Kwa hiyo malengelenge yakawa kama hati ya hukumu. Jamani, msiwacheke waliojificha. Walijificha kwa sababu walichokiona kwa majirani kilikuwa cha kweli.

Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulikuta zaidi ya watu 13 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wana VVU, Mbeya na Iringa zote mbili, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Ule wa 2007-08 ulikuta Iringa (Njombe ikiwa bado ndani yake) karibu 16.

KILICHOBADILIKA
Mwishoni mwa 2004 serikali ilianza kutoa ARV bure, na kliniki za CTC zikaenea. Tangu hapo mkanda wa jeshi si hukumu tena. Ni kengele: mwili unakuambia nenda kapime. Ukikutwa na VVU unaanza dawa na unaishi. Ukikutwa huna, shukuru, maana si kila mkanda ni VVU. Wazee wengi wanaupata kwa umri tu. Na ukiupata miezi ya mwanzo ya ARV, usiache dawa. Inatokea wakati kinga inarudi. Njoo tukutibu.

Lakini woga wa miaka ya 90 bado upo, na unatugharimu muda. Dawa ya kirusi hiki, aciclovir (Gertrude Elion, mmoja wa walioigundua, alipata tuzo ya Nobel 1988), hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Hizo siku tano za khanga zinaila nafasi hiyo yote.

UFANYE NINI
1. Usitumbue. Ngozi ya juu ya lengelenge ndiyo bandeji yako ya asili.
2. Osha taratibu kwa maji safi na sabuni, kausha kwa kupapasa, funika kwa gozi au kitambaa safi kisichobana. Kata kucha.
3. Usipake majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Bakteria wanaingia, na kinyesi kinaweza kukuletea pepopunda.
4. Kaa mbali na wajawazito, watoto wachanga na yeyote ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga mpaka yakauke. Maji yake yanaambukiza tetekuwanga.
5. Usaha, harufu, wekundu unaosambaa, homa: hayo ni maambukizi mengine juu yake. Njoo haraka.
6. Yakitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au ncha ya pua, njoo SIKU HIYOHIYO. Jicho linaweza kupofuka.

Na ule usemi kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana unakufa, uache. Kinachoua ni ugonjwa ulio nyuma yake usiotibiwa, na huo sasa una dawa.

Kama nyumbani kuna mtu anafunika ubavu na hataki uguse, msomee hii leo. Usisubiri kesho.

Sehemu ya 4: malengelenge ya watoto wachanga.