Vituo vya kulelea watoto Dodoma: Ruzuku ipo wapi?

MTOTO anayeandikishwa katika shule ya msingi ya umma jijini Dodoma huingia na fungu lake. Tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, Serikali hupeleka shuleni ruzuku inayokokotolewa kwa idadi ya wanafunzi, kiwango kilichopangwa kikiwa Sh. 10,000 kwa kila mmoja kwa mwaka, ingawa sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Mdogo wake wa miaka mitatu, anayeshinda katika chekechea ya kanisa, ya msikiti au ya kikundi cha akina mama, haingii na chochote isipokuwa ada anayolipa mzazi.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali linaloulizwa mara kwa mara na waendeshaji wa vituo visivyogawana faida: je, halmashauri inaweza kuvipa ruzuku, na kama inaweza, kutoka fungu lipi?

Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vilitungiwa sheria yake mwaka 1981. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, ambayo ndiyo inayotumika. Usajili umewekwa chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na ukaguzi wa majengo, vyoo, maji na walezi humhusu afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria hiyo pia inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Wajibu umetajwa, kiasi cha fedha hakikutajwa. Halmashauri inaweza kumwambia mwendeshaji achimbe choo kipya bila kulazimika kuchangia hata mfuko mmoja wa saruji.

Hitaji halihitaji maelezo mengi kwa anayeishi Dodoma. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali inahamia makao makuu, na Aprili 26, 2018 akaipandisha Manispaa hiyo kuwa Jiji. Sensa ya 2022 ikakuta watu 765,179. Wengi wa waliohamia wameacha bibi na shangazi katika mikoa walikotoka. Mama anayeuza mboga Majengo au mitumba Sabasaba, pamoja na karani anayepanda daladala kwenda Mtumba, wote wanahitaji mtu wa kumwachia mtoto kuanzia alfajiri.

Fedha inayotajwa kwanza katika mazungumzo haya ni ile asilimia 10. Kwa marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia nne wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ukarejeshwa mwaka 2024. Dodoma ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kutoa fedha hizo kupitia benki.

Lakini huo ni mkopo. Hauna riba, ni kweli, ila lazima urudishwe, na umekusudiwa shughuli inayoingiza kipato. Tuchukue mfano wa kukadiria: kituo chenye watoto 40, kila mmoja akilipa Sh. 15,000 kwa mwezi, kinapata Sh. 600,000. Walezi wawili wakilipwa Sh. 200,000 kila mmoja, kodi ya nyumba ikichukua Sh. 100,000, na unga wa uji, sukari na mkaa vikichukua Sh. 100,000 nyingine kwa kubana sana, fedha imekwisha. Maji, sabuni na mikeka havijaguswa, wala mzazi aliyeshindwa kulipa hajahesabiwa. Rejesho la mkopo litatoka wapi? Litatoka ama kwenye ada, na hapo mtoto wa muuza mboga ataondolewa, ama kwenye sufuria ya uji.

Kwa uji, kuna mlango ambao haugongwi inavyostahili. Baada ya wakuu wa mikoa kutia saini mkataba wa lishe Desemba 2017, halmashauri zilitakiwa kutenga Sh. 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Fungu hilo ni la afua za lishe kwa jumla, si la vituo peke yake. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali pengine ambapo watoto wa umri huo hukusanyika kila siku na kula chungu kimoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Uwanda huu wa kati unalima mtama, uwele na karanga. Kinachokosekana kituoni mara nyingi ni fedha ya kununua.

Kwa ujenzi, upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge, na fedha hulenga miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe. Jiji sasa lina majimbo mawili, Dodoma Mjini na Mtumba, la pili likiwa limeundwa mwaka 2025. Mfuko huo unaweza kufaa kwa paa au choo. Mshahara wa mlezi ni jambo jingine.

Serikali yenyewe imekiri pengo hili. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, iliweka malezi ya watoto hadi miaka minane kuwa kazi ya wizara kadhaa na halmashauri kwa pamoja. Nchini Kenya hatua ilianzia juu zaidi: Katiba ya 2010 iliziweka elimu ya awali na huduma za kulelea watoto mikononi mwa kaunti, na Nairobi ikatunga sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Diwani wa huko anajua kuwa jambo hilo ni lake.

Hapa kwetu hakuna kinachomzuia diwani kulifanya lake. Ombi huanzia mkutano wa mtaa, likaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa Jiji na Baraza la Madiwani, kabla ya kupitia mkoani, TAMISEMI na bungeni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo anayeamka Mei amechelewa. Maandalizi hufanyika miezi mingi kabla. Mwendeshaji aende na hati ya usajili, rejista ya watoto, hesabu za mapato na matumizi, na akaunti ya benki iliyo kwa jina la kituo. Kituo kisichosajiliwa hakina pa kuanzia. Bahati mbaya vingi vinavyokwama katika usajili hukwamishwa na choo, jiko au uzio, yaani vitu vilevile ambavyo ruzuku ingevijenga.